Fahamu: Kwa nini kompyuta ya mezani huwaka kisha ikazima

Kompyuta inayojizima yenyewe husingiziwa virusi. Mara nyingi virusi havihusiki. Swali la kwanza liwe hili: inazima baada ya muda gani?

Ikizima ndani ya sekunde chache, shuku pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kikihisi shoti, hujikata. RAM (kadi ya kumbukumbu) iliyokaa vibaya nayo huleta tatizo hilo: chomoa waya ukutani, itoe, sugua miguu yake taratibu kwa kifutio cha penseli, uirudishe ikae sawasawa. Kagua pia kitufe cha kuwashia, ambacho wengi hukisahau: kikinasa ndani, mashine huzima baada ya sekunde 4 hivi.

Ikidumu dakika kadhaa ndipo ikazima, shuku joto. Kuanzia Kibondo, mkoani Kigoma, mpaka kambi ya wakimbizi ya Nduta, vumbi jekundu la kiangazi huziba feni ya prosesa. Lipulize, kisha paka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo kilicho chini ya feni.

Umeme nao una lake. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ilifika Kibondo na Kasulu, majenereta ya dizeli yakazimwa. Hata hivyo, wanaoendelea kutegemea sola waangalie inveta: zile za bei poa hutoa umeme usio laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huukataa. Jaribu mashine kwenye umeme mwingine kabla ya kununua kifaa.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa; badilisha nzima.