Usiku Mmoja Juu ya Ziwa la Moto

Wataalamu wa milima ya moto, wawe Wataliani, Wajapani au Wamarekani, wana neno moja la Kiswahili wanalolitumia katika maandishi yao bila ya kulitafsiri, na sidhani kama wengi wetu tuliozaliwa Pwani tunalijua. Neno lenyewe ni mazuku. Kwa watu wa Goma, mashariki ya Kongo, mazuku ni hewa mbaya, haionekani wala hainuki, itokayo ardhini na kutuama katika mabonde na mashimo, ikamuua mbuzi aliyeinama kula majani hali mchungaji wake aliyesimama kando haoni kitu. Wenye elimu wanasema ni kaboni dayoksaidi, hewa nzito kuliko hii tuivutayo, ndiyo maana hulala chini kama maji. Kuku hufa kwanza, kisha mbuzi, na mara nyingine mtoto aliyetumwa kuni. Sikio langu la mshairi husikia mzuka ndani ya neno hilo, yule anayetokea kiambazani usiku akatoweka. Wazungu walipokosa jina la kitu hicho katika lugha zao, walikuja kuliazima kwetu, nasi hatuna habari.

Nimeanza na neno hilo, ndugu msomaji, kwa kuwa nchi iliyolitoa ndiyo hiyo hiyo yenye ziwa la moto ninalotaka kukusimulia. Mlima unaitwa Nyiragongo. Urefu wake ni mita 3,470, na uko kaskazini ya mji wa Goma, mwendo wa kilomita ishirini hivi kutoka ufuoni mwa Ziwa Kivu, mpakani na Rwanda. Mwaka 2016 nilikwenda Goma kumzuru jamaa yangu anayefanya biashara huko, na baada ya siku tatu za kula samaki wa maji matamu na kusikiliza Kiswahili cha watu wale, kinachotembea kwa miguu yake yenyewe, nikaambiwa kuwa mtu hawezi kuondoka Goma bila kuuona moto.

Tulianza kupanda Kibati saa nne asubuhi. Njia haizidi kilomita nane, lakini nusu yake ni mawe meusi yanayoviringika chini ya kiatu, na sehemu ya mwisho umekaa kama ngazi ya mnara. Mbele na nyuma yetu walikwenda askari wa hifadhi ya Virunga wenye bunduki, maana misitu ile ina watu wa vita. Wapagazi walibeba makaa, maji na mablanketi, na neno hilo wapagazi lilinikumbusha misafara iliyotoka mrima wetu karne ya kumi na tisa ikakipeleka Kiswahili hadi huko. Tulizipita nyufa zilizofunguka mwaka 2002, zingali zikitoa mvuke wa moto. Saa kumi kasoro robo tulikuwa ukingoni.

BAHARI

Nilichokitambua kabla ya kingine chochote ni sauti. Wallahi ilikuwa sauti ya mawimbi yakivunjika mwambani wakati wa kusi, ule mvumo usiokatika tunaousikia usiku kutoka vitandani. Nilikuwa mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita elfu moja, juu ya mlima wenye baridi ya kuuma mifupa, na masikio yangu yakaniambia niko nyumbani. Kisha moshi ukapeperuka nikatazama chini.

Shimo lina upana wa zaidi ya kilomita moja, na kuta zake zimesimama wima. Ndani yake mlikuwa na vipandio viwili kama baraza zinazozunguka ukuta. Kiongozi wetu alituonyesha kuwa baraza ya juu ni mabaki ya kimo cha ziwa kabla ya mwaka 1977, na ya chini ni ya kabla ya 2002. Mtu wa Pwani haelezwi mara mbili. Ni kama zile alama za maji ya bamvua katika kuta za bandari, zinazokuonyesha bahari ilipofika kabla ya kupwa. Chini kabisa lilikuwa ziwa lenyewe, duara la upana wa mita mia mbili na zaidi, mojawapo ya makubwa ya namna yake duniani wakati ule.

Mchana huonekana jeusi. Juu yake kuna utandu, kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa, na utandu huo umepasuka vipande vipande, na katika kila ufa mnapita mstari mwekundu unaong'aa. Vipande havitulii. Husogea, hugongana, kimoja kikakunjwa na kuzama chini ya mwenzake, na pale kilipozama moto huruka juu kama chemchemi. Povu kubwa hufura, likapasuka, likatupa matone yanayoonekana madogo kwa umbali, nawe hujui kuwa kila tone ni kubwa kuliko mlango wa nyumba yako. Mwishoni mwa Februari mwaka ule tundu jingine lilikuwa limefunguka pembeni mwa sakafu ya shimo, nalo lilikuwa likitema kwa pumzi fupi fupi, kama mtu mwenye pumu.

Joto la uji ule hupita nyuzi 1,000. Na ni uji kweli. Milima mingi ya moto hutoa mawe mazito yanayokwenda polepole, lakini ya Nyiragongo ina silika chache mno, kile kitu kilicho katika mchanga na kioo, kwa hiyo hutiririka kama samli iliyoyeyuka. Likumbuke hilo, maana ndilo lililoua watu.

Usiku ulipoingia weusi ulitoweka na mistari ikawa mizima mizima, na mawingu juu yetu yakageuka rangi ya shaba. Wageni wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa na tatizo langu dogo, nalo ni kibla. Kwetu Mombasa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Pale mtu huelekea kaskazini na kuegemea mashariki kidogo, na vibanda vyetu vilikuwa ukingo wa kusini. Basi nikisimama mlangoni, baina yangu na kibla kuna ziwa lile linalowaka, na wanazuoni wamechukia mtu kuswali akiukabili moto. Nilizunguka nyuma ya kibanda, ukuta wake ukawa kinga yangu, nikaswali magharibi na isha. Mpagazi mmoja, Muislamu wa Goma, alikuwa amekwisha tandika koti lake pale pale kabla yangu. Inaonekana tatizo hilo lina wenyewe na limekwisha tatuliwa zamani.

Nilimuuliza kiongozi wetu iwapo watu wa mji hawaogopi kulala chini ya wekundu ule. Akanijibu kwa lugha ya kwao, "Papa, kama tunaona mwangaza yake, tunalala. Kama hatuoni, ndiyo tunaogopa." Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mgeni, lakini nilipoanza kusoma habari za mlima ule nikakuta jambo lenyewe ni zito kuliko nilivyodhani, na si jepesi kama alivyolisema yeye.

MTUNGI

Mzungu wa kwanza kuingia ndani ya shimo lile alikuwa Haroun Tazieff, mwaka 1948, ingawa wekundu wake ulikuwa ukiandikwa tangu 1928. Baada yake walishuka wengi, kwa kamba, wakiwa na vinyago vya kuzuia sumu, wakapima joto na kukusanya hewa. Wote walikuwa wakitazama mdomo wa mtungi. Mtungi wa Nyiragongo haumwagiki mdomoni. Huvunjika tumboni.

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lilikuwa limejaa. Ubavu wa mlima ukapasuka na ziwa zima likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Uji ule ulishuka mtelemko kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa, na mtu mwenye miguu miwili hakuwa na la kufanya. Waliokufa hawakuhesabiwa vyema. Wengine husema sabini, wengine mamia.

Mwaka 2002 mambo yalikuwa kinyume. Ziwa halikuwa likionekana, juu palikuwa pameganda kwa miaka kadhaa, na aliyechungulia shimoni angeweza kudhani mlima umelala. Tarehe 17 Januari mlima ulipasuka kutoka juu hadi karibu na mji. Mkondo wa moto ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na maduka ya mjini, ukaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao laki nne walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Zaidi ya mia moja walikufa, na makumi kati yao walikufa siku chache baadaye, kituo cha petroli kilipolipuka watu wakichota mafuta. Baadaye mwaka huo moto ukaonekana tena ndani ya shimo, na mji ukarudi kulala chini ya wekundu.

Ndiyo maana wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma hawategemei macho. Wana vyombo vilivyofukiwa ardhini vya kusikiliza mitetemeko, wanapima jinsi mlima unavyovimba na moshi unaotoka, na setilaiti huwapa habari za joto. Ni kazi inayotaka fedha kila mwezi. Mwaka 2020 ufadhili wa nje uliokuwa ukiwasaidia ulikatika, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na fedha za kulipia hata mtandao wa kupokea habari za vyombo vyao wenyewe. Mtu akipata daktari akamnyima kipimo, asimlaumu kwa ugonjwa.

Hapa nataka kupumzika kidogo niende Madina. Wanahistoria wa Kiislamu wameandika kuwa mwaka 654 wa Hijra, yaani 1256, ardhi ya Madina ilitetemeka siku kadhaa mfululizo, watu wakajaa katika Msikiti wa Mtume, kisha moto ukafunguka katika nchi ya mawe meusi nje ya mji, ukaenda kama mto kwa wiki kadhaa. Haukuingia mjini. Walioushuhudia waliandika barua kwenda Dimishki, na Abu Shama akazihifadhi katika historia yake: siku ya mtetemeko wa kwanza, siku ya moto kutokea, upande ulikoelekea. Kwangu mimi hao ni watazamaji wa volkano sawa na Tazieff, na kwa jambo moja walikuwa na bahati kuliko watu wa Goma. Walipewa siku kadhaa za kutubu na kujiandaa.

Goma haikupewa hata saa nzima. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, ubavu ulipasuka tena, na wataalamu walipokwenda kuyachambua maandishi ya vyombo vyao walikuta kuwa mitetemeko ya kuonya ilianza takriban dakika 40 tu kabla ya moto kutoka. Ziwa lilikuwa limejaa kwa miaka, kila mtu akiliona, na kuonekana kwake hakukusema lolote juu ya siku ile. Mkondo ulifunika vijiji vya kaskazini ya mji ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa na maelfu ya nyumba zikateketea. Jamaa yangu alinipigia simu usiku ule akiwa njiani kuelekea mpakani, na nyuma ya sauti yake nilisikia honi na watoto.

Hofu kubwa zaidi ilikuja baadaye. Ardhi iliendelea kutetemeka, kwa kuwa moto ulikuwa ukijipenyeza chini ya mji wenyewe hadi chini ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo vilindi vyake vimebeba kaboni dayoksaidi na methani kwa wingi usio mfano, na mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, nchini Kamerun, lilipoitapika hewa kama hiyo usiku mmoja, watu wapatao 1,700 hawakuamka. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Mamia kwa maelfu waliondoka, wengine Sake, wengine Rwanda. Alhamdulillahi, Kivu halikutikisika, na baada ya siku nyingi walirudi.

Shimo lilikuwa tupu. Kiongozi wetu wa 2016, aliyenieleza lini watu hulala na lini huogopa, alikaa miezi bila wekundu angani na bila kazi. Kisha, mwaka huo huo, moto ukaanza kuchungulia tena chini ya shimo, kidogo kidogo, ukipanda tabaka juu ya tabaka. Januari 2025 mji wenyewe ukaingia mikononi mwa waasi wa M23 baada ya mapigano makali, na watu wakawa na sababu nyingine ya kutolala.

Moshi wa mlima, kwa upande wake, haupumziki. Mvua huushusha katika vijiji vya magharibi ambako watu hukinga maji ya paa, na maji hayo hubeba floridi inayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Huko hakuna mgeni anayelipa ili aone.

Katika Goma niliyoiona mimi, nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa kwa mawe ya lava ile ile ya 2002. Waliivunja kwa nyundo, wakaichonga, wakaipanga kuta, na wengine walisimamisha nyumba mpya juu ya nyumba ya zamani iliyozikwa, kiwanja kile kile, kimo cha mita mbili juu zaidi. Mawe hayo walikuwa wakiyabeba kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na vijana wakiisukuma barabarani kwa mguu mmoja wakipiga kelele watu wapishe njia.