Waya na Mshipi kwa Uvuvi wa Kibebe

Wakazi wa kata za Migoli na Izazi wanaovua katika Bwawa la Mtera wanamfahamu kibebe, samaki wa jamii ya Hydrocynus. Meno yake marefu hupishana afumbapo kinywa, na huukata mshipi mfano wa mkasi. Mshipi ukatikapo, mvuvi hupoteza samaki, ndoana na chambo kwa pamoja. Nailoni inayosalia majini haiozi upesi, nayo huweza kunasa ndege na samaki wengine.

Wapo wanaoamini kuwa mshipi mzito zaidi utamaliza tatizo hilo. Ifahamike kwamba kilo zinazoandikwa kwenye kibunda cha mshipi huonyesha uwezo wake wa kuhimili mvuto, wala hazihusu makali ya meno. Uzi wa kusuka una nguvu kubwa licha ya wembamba wake, lakini jino huupasua kwa urahisi. Nailoni nene huchelewa tu kukatika, na ni vigumu kuirusha mbali.

Kinga ya kutegemewa ni kipande cha waya wa chuma kati ya mshipi na ndoana. Kwa kawaida mshipi wa kilo 10 hadi 15 unatosha, ukiunganishwa na waya wa sentimita 20 hadi 30. Ufaao zaidi ni waya mwembamba usioshika kutu, uliosokotwa kwa nyuzi kadhaa, kwa kuwa hupinda bila kuvunjika. Waya wa kufungia nondo haufai: hushika kutu, na hukatikia penye mkunjo. Kiungo kinachozunguka kiwekwe baina ya waya na mshipi ili mshipi usijisokote. Baada ya kila samaki, mvuvi aukague waya na kuubadilisha uonekanapo na mkunjo au uzi uliokatika. Ndoana itolewe kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Wananchi wanakumbushwa kwamba ruhusa ya kutumia mshipi wa nailoni haihusu nyavu za timba, ambazo zimepigwa marufuku na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Aidha, uvuvi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hauruhusiwi.

Mabaki ya mishipi yarudishwe nchi kavu. Kwa leseni na ushauri, mwananchi afike kwa Afisa Uvuvi au ofisi ya Mtendaji wa Kata.