Kibera ilivyojiandika kwenye ramani
Hadi mwaka 2009, ukiitafuta Kibera kwenye ramani za intaneti ulikuta pahala patupu, ilhali watu wamejaa tele. Mwaka huo vijana 13 wa mtaa huo walishika vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni wakinukuu vilipo vibanda vya maji, vyoo, zahanati na shule. Kisha wakaviingiza wenyewe katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote aweza kuihariri bure. Ndipo ikazaliwa Map Kibera. Habari za mtaa nazo wakazitoa kwa Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya wakati wa ghasia za uchaguzi, 2008.

Yatuhusu nini sisi Wapwani? Mtaa usio kwenye ramani husahaulika upesi huduma zinapogawanywa. Wenzetu hawakungoja kuandikiwa. Nasi tusingoje.