Malezi ya Usiku (3): Mikono ya Baba Saa Tisa

Tangu makala ya wiki iliyopita kuhusu kunyonyesha usiku, limebaki swali ambalo akina baba wengi huuliza kwa moyo safi: mimi nisiye na ziwa, niamke nifanye nini? Amka umpokee mtoto.

Mwone mama aliyejifungua wiki sita zilizopita. Ni saa tisa usiku, amekaa kwenye kochi, mtoto kifuani. Usingizi unamchukua. Mtoto anateleza taratibu mpaka pua inabanwa kati ya mkono wa mama na egemeo la kochi. Halii, kwa kuwa pumzi ya kulilia hana. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2022 unasema mama mwenye usingizi ni afadhali anyonyeshee kitandani, mito na mablanketi yakiwa yameondolewa, kuliko kwenye kochi. Baba akiwa macho, anamchukua mtoto, anamwegemeza begani, anampigapiga mgongo mpaka acheue, kisha anamlaza chali.

Chali, narudia. Bibi zetu wengi walihofia kwamba mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa, na walihofia kwa upendo. Lakini mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa aliyocheua hayapandi kirahisi kuifikia. Akilala kifudifudi njia ya hewa ndiyo inakuwa chini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na dawa mpya, ni kumgeuza mtoto tu.

Mtoto alale chumba kimoja na wazazi, lakini mahali pake, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala blanketi zito, na chandarua kisimguse usoni. Najua kwamba katika nyumba zetu nyingi kitanda ni kimoja na chandarua ni kimoja. Wamaori wa New Zealand nao wana desturi ya kulala kitanda kimoja na mtoto, na tangu 2006 wamekuwa wakisuka wahakura, kitanda kidogo cha majani kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi, ili mtoto abaki karibu nao bila kulaliwa. Nikikifikiria, naona ukili na vidole vya wasukaji wa Pemba. Hakuna kinachotuzuia.

Neno la mwisho ni kwa baba mwenyewe. Kama unavuta sigara, hata ukivutia nje, usilale kitanda kimoja na mtoto. Ukiwa umekunywa, usimpokee. Mwamshe shangazi au bibi afanye kazi hiyo, nawe utandike mkeka chumba kingine.