Usiuze shifti kiti ya giaboksi ya zamani kabla hujauliza haya

Wakuu, leo naongea na sisi tunaouza spea kwa simu: picha WhatsApp, mzigo kwa basi. Mwaka juzi nilimuuzia jamaa wa Hilux Surf ya otomatiki shifti kiti kwa 260,000. Wiki haijaisha ananipigia: "Dogo, gari haishiki gia ya tatu, nirudishie hela yangu." Tukavutana, mwisho nikarudisha nusu, na mtaji wangu wa mwezi ule ukaishia hapo. Spea haikuwa na kosa. Mimi sikumuuliza chochote zaidi ya "unalipa kwa mtandao gani?"

Iko hivi. Shifti kiti sio kiti cha kukalia (kuna dada aliniuliza kama inakuja na kava). Ni pakiti ndogo yenye springi, gololi, valvu na gasketi, na zingine zinakuja na biti za drili. Vinafungwa kwenye valvu bodi, ule mdude wa aluminiamu wenye vijia vingi kama kichuguu, unaokaa chini ya giaboksi, juu ya sampu. Mafuta yanapita humo kwa presha na kuamua klachi ipi ishike.

Kiwandani walifanya gia ziingie taratibu ili abiria asihisi mshtuko. Ulaini huo unatokana na klachi kuteleza kidogo kabla haijashika, na kuteleza ni joto. Gari ikizeeka, springi zikachoka na valvu zikalika, kuteleza kunazidi. Kiti inapandisha presha na klachi inashika haraka. Basi, kazi yake ni hiyo. Klachi iliyoungua haiiponyi, na hapo ndipo mimi nililia. Yule jamaa, kumbe hata rivasi ilikuwa inasitasita siku nyingi. Kwenye giaboksi za A340 klachi inayoshika gia ya tatu ndiyo hiyo hiyo ya rivasi, kwa hiyo dalili ilikuwepo wazi, ila hakuna aliyeitaja na mimi sikuuliza.

Siku hizi naanza na mafuta. Namwambia mteja achomoe dipstiki, apanguse kwenye tishu nyeupe, anitumie picha. Yakiwa mekundu, tunaendelea. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, simuuzii kiti hata akinibembeleza. Namwambia akaifungue giaboksi kwanza.

Halafu kebo. Hizi Toyota za zamani zina kebo inayotoka kwenye throto kwenda giaboksi, nayo ndiyo inayopanga presha. Ikilegea, presha inashuka, gia zinateleza na mteja anadhani giaboksi imekufa. Fundi akanyage pedali mpaka mwisho, aangalie nafasi kati ya mpira wa kebo na kile kistopa kidogo: iwe kati ya 0 na milimita 1. Nimepoteza oda kadhaa kwa kusema hivi. Wateja wale wale ndio wanaonitafuta wakitaka breki pedi.

Kodi ya giaboksi usikisie kwa jina la gari. A340E ni ya tairi mbili, A340F ni ya fowili, na A340H ni ya fowili pia lakini hata transfa yake inaongozwa na mafuta. Valvu bodi zao hazifanani. Omba picha ya kibao cha chuma cha gari, na mwaka wake. Mimi nikiwa na wasiwasi namwomba fundi ashushe sampu, apige picha pleti yenye matobo kabla sijaagiza, maana gasketi isipolingana tobo kwa tobo umeingia hasara.

Kuna kiti zenye viwango: unatoboa pleti kidogo au sana kulingana na unavyotaka gia ziingie kwa nguvu. Vijana wanapenda ile inayopiga teke. Tobo likishapanuliwa halirudi, kwa hiyo anayebeba mazao au wanafunzi namshauri kiwango cha chini. TransGo ya Marekani wanauza pakiti nzima. Sonnax wanajulikana zaidi kwa valvu moja moja za kurekebisha sehemu iliyolika. Fundi akishajua tatizo ni valvu fulani, hiyo ya pili ina maana zaidi.

Faida yangu kubwa haitoki hata kwenye kiti. Inatoka kwenye filta, gasketi ya sampu na mafuta, Dexron III au yale yaliyoandikwa kwenye dipstiki, kwa sababu sampu ikishafunguliwa vyote hivyo vinahitajika. Vitaje siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupokea hela natuma meseji moja: "Kiti haitengenezi klachi iliyoungua. Ikishafungwa hairudishwi." Nasubiri ajibu "sawa", napiga skrinishoti. Yule wa Surf alirudi baadaye kununua seti ya klachi. Naye nilimtumia meseji hiyo hiyo, akacheka, akajibu sawa.