Kuta za Wharram Percy na watu waliozilipia

Kwenye ukuta wa kusini wa kanisa la Mtakatifu Martin huko Wharram Percy, katika vilima vya Yorkshire, kuna matao ya mawe ya kuchonga yanayotazama nje, na nafasi zilizo kati ya nguzo zake zimezibwa kwa mawe. Matao ya namna hiyo kwa kawaida hujengwa ndani ya kanisa, kutenganisha ukumbi wa waumini na ubavu wake, ili watu wapite huku na huku. Hapa yanatazama nyasi, kwa sababu ubavu wenyewe ulibomolewa zamani. Kijiji nacho hakipo. Kimebaki kuwa matuta ya ardhi yanayoonyesha nyumba zilikosimama. Hoja yangu ni kwamba jengo kama hili ni daftari la watu waliolijenga, na linaweza kuaminiwa karibu sawa na hati za kodi, mradi msomaji ajue nani alilipia sehemu ipi, na akubali kuchimba.

Kuchimba ni lazima kwa sababu kuta zilizosimama husimulia nusu tu. Mwanahistoria wa uchumi Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst waliongoza utafiti wa Wharram kwa miongo minne, hadi 1990, na kanisa likachimbuliwa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chini ya sakafu kulikuwa na mashimo ya nguzo, alama ya kanisa dogo la mbao la karne ya 10 hivi. Lilifuatiwa na kanisa dogo la mawe, kisha la tatu lililo kubwa zaidi, la karne ya 12. Mwishoni mwa karne hiyo ukaongezwa ubavu wa kusini, na katika karne ya 13 ule wa kaskazini. Baadaye mwendo ukageuka: kati ya karne ya 15 na ya 16 mbavu zote mbili zilibomolewa, matao yakazibwa, na hatimaye sehemu ya madhabahu nayo ikafupishwa.

Hapo ndipo suala la mfuko linapoingia. Kwa desturi ya Kanisa la Uingereza ya zama hizo, ukumbi wa waumini ulitunzwa na waumini wenyewe, na sehemu ya madhabahu ilitunzwa na mwenye zaka kuu za parokia, awe padri au nyumba ya watawa. Jengo ni moja ila mifuko ni miwili. Kwa hiyo kubomolewa kwa mbavu kunatuonyesha uwezo wa wakulima, ilhali kufupishwa kwa madhabahu ni habari ya mtu mwingine kabisa. Anayezichanganya ataona anguko moja mahali palipokuwa na maamuzi mawili.

Kuna pingamizi lenye uzito: kanisa hili halikuwa la Wharram Percy peke yake. Parokia ilikuwa na vijiji vingine, Thixendale kikiwa mojawapo, na watu wao walikuja kusali na kuzika hapa. Ni kweli, na pingamizi hili linarekebisha hoja badala ya kuivunja: daftari ni la parokia nzima. Ndiyo sababu kanisa liliendelea kutumika baada ya kijiji kufa. Kifo hicho watu hupenda kukihusisha na tauni ya 1348–49. Tauni iliua wengi, lakini watu waliishi hapa zaidi ya miaka mia moja baada yake. Familia za mwisho ziliondolewa karibu na mwaka 1500 ili ardhi iwe malisho ya kondoo. Kuhusu mbavu zenyewe, wengine watasema zilibomolewa kwa sababu Matengenezo ya Kanisa yaliondoa madhabahu za pembeni na misa za wafu. Madhabahu ziliondolewa, sawa. Lakini parokia nyingi zenye watu ziliacha mbavu zao zisimame na kuzijaza viti. Mabadiliko ya ibada yaliufanya ubavu uweze kuachwa. Aliyeuacha ni yule aliyeshindwa kuezeka paa lake.

Daftari hili lina kasoro moja ambayo mawe hayawezi kuisema. Mifupa ya watu karibu 700 iliyofukuliwa kanisani na makaburini inaonyesha watoto waliodumaa sana: wa umri wa miaka kumi alikuwa mfupi kwa takriban sentimita 20 kuliko wa rika lake leo. Watu hao hao ndio walioongeza mbavu. Kanisa likikua, basi, tunajua kwamba watu waliongezeka na kwamba palikuwa na cha kuchangia. Hatujui kama walishiba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo waandishi wengi wa vitabu vya makanisa mazuri ya Uingereza wanapoteleza, kwa kuona tao lililochongwa vizuri na kutangaza neema.

Thixendale ilipata kanisa lake mwaka 1870, na Wharram ikabaki karibu bila waumini. Ibada za kawaida zilikoma mwaka 1949, madini ya risasi ya paa yakaibwa, na mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaanguka.