Safari za vikundi vya sanaa: mteja ni mzuri, lakini arubuni kwanza

KIKUNDI cha taarab kinapopata mwaliko wa kutumbuiza Ulaya, watu huhesabu malipo ya jukwaani. Ni wachache wanaohesabu fedha inayotoka kabla mpiga udi hajagusa nyuzi. Wiki hii ukurasa huu unaliangalia soko dogo lenye fedha ya haraka na hasara ya haraka vilevile, nalo ni kazi ya kusafirisha vikundi vya muziki, ngoma na maigizo, pale kikundi kinapoamua kumkabidhi wakala badala ya kujihangaikia chenyewe.

Soko lenyewe si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Remmy Ongala na Super Matimila walipanda majukwaa ya WOMAD huko Uingereza, na Culture Musical Club ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1958, imekwisha kupeleka taarab yake Ulaya. Kwa upande wa wanaoingia, tamasha la Sauti za Busara lilianza Unguja mwaka 2004 na hufanyika mwezi Februari. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Mfanyabiashara anayetaka kuishi kwa mteja mmoja aukumbuke mwaka huo.

Tuanze na hesabu. Chukulia kikundi cha watu 14 kinakwenda nchi za Schengen. Ada ya viza kwa mtu mzima, tangu tarehe 11 Juni 2024, ni euro 90. Kwa watu 14 ni euro 1,260, na fedha hiyo hairudi hata ombi likikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayatakiwi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu uchunguzi kufika siku 45. Kwa hiyo meneja anayepeleka pasipoti wiki tatu kabla ya onyesho anacheza bahati nasibu kwa fedha za wenzake. Kikundi cha Tanzania Bara kinahitaji pia kibali cha BASATA cha kwenda kutumbuiza nje, na foleni hiyo nayo ina siku zake.

Sasa tuseme watu 13 wamepata viza na mmoja amekosa, na huyo mmoja ndiye mpiga kanuni. Kwaya ikipungukiwa sauti moja huweza kuimba. Taarab bila kanuni, mwandalizi ana haki ya kuuliza amelipia nini. Hapo ndipo tofauti ya wakala na muuza tiketi inapoonekana. Mashirika ya ndege kwa kawaida huwapa nauli ya kundi watu 10 au zaidi, hushika viti kwa arubuni, na mara nyingi huruhusu majina yaletwe baadaye. Wakala anayejua kazi hii huchelewesha kutoa tiketi mpaka siku ya mwisho anayoruhusiwa, ili jina moja likianguka liwekwe jingine. Muuza tiketi hukata tiketi zote siku ileile, kisha kubadili jina kunakuwa faini au haiwezekani kabisa.

Tuseme ukweli: meneja ambaye pia ni mpiga fidla, mweka hazina na mume wa mwimbaji hawezi kuyafuatilia yote haya. Kumlipa mtu wa nje si anasa.

Jambo la pili ni mizigo, na hapa wengi wanaumia bila kujua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika la ndege likipoteza begi la abiria, fidia ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519 kwa abiria, yaani kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho kwa kiasi hicho ni kama dola 2,000 za Marekani. Ala ikipelekwa kama shehena mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kikomo ni SDR 26 kwa kilo. Kanuni yenye uzito wa kilo 8 pamoja na sanduku lake itafidiwa SDR 208 tu, hata kama fundi aliyeitengeneza amekwisha kufariki. Njia ya kuepuka ni kutangaza thamani halisi kabla ya safari na kulipa nyongeza, au kukata bima ya ala peke yake. Wakala asiyemwambia mteja hivyo hastahili ada yake.

Kuna na ngozi. Ngoma ndefu ya Uganda, engalabi, huwambwa ngozi ya kenge, na kenge yumo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaolinda viumbe walio hatarini. Karatasi zake huulizwa mapema, si uwanjani. Kanuni hizi pia hubadilika. Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wetu unaochongwa klarineti, iliingizwa katika kiambatisho hichohicho, na orkestra zilizosafirisha ala nyingi kwa pamoja zikaingia mashakani. Tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa kwa miti hiyo zilisamehewa. Wakala anayetumia maarifa ya 2018 atamchosha mteja bure.

Kwa vikundi vinavyokuja Zanzibar kazi ni nyepesi kidogo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje hulipia bima ya lazima ya dola 44, na vyombo vinavyoingia kwa muda vinashughulikiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, ambapo forodha huweza kudai dhamana. Fedha ya dhamana hulala mpaka vyombo vitoke. Iingizwe kwenye hesabu.

Je, wakala anapata nini? Kamisheni ya tiketi imepungua sana, na mashirika mengi hayalipi tena. Kinachobaki ni ada ya huduma kwa kila msafiri, au kiasi kimoja kwa safari nzima. Ada hiyo inavutia ukiitazama juu juu. Tatizo ni mzunguko wa fedha. Wakala aliyemo katika mfumo wa malipo wa IATA anatakiwa kulipa mashirika kwa tarehe zilizopangwa, na akichelewa anaweza kuzuiwa kuuza. Wakala mdogo asiyemo hununua kwa wakala mkubwa, naye mkubwa anataka taslimu. Lakini kikundi chenyewe hulipwa na mwandalizi baada ya onyesho, pengine wiki kadhaa baadaye. Katikati ya tarehe hizo mbili amesimama mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, akiwakopesha watu 14 nauli bila riba na bila rehani.

Kwa maoni ya ukurasa huu, asiye na mtaji wa kusubiri asishike viti kabla ya kupokea arubuni inayolingana na ile anayodaiwa na shirika la ndege. Ada ya viza ilipwe na kikundi siku ya kupeleka fomu. Mkataba uandike nani anabeba hasara ya viza iliyokataliwa, ya onyesho lililofutwa na ya ndege iliyochelewa, kila moja kwa kifungu chake. Wakala anayekubali kubeba yoyote kati ya hizo aongeze ada waziwazi, na kikundi kisinung'unike.

Nafuu zaidi ni kumtaka mwandalizi wa Ulaya alipe nauli moja kwa moja kwa wakala, kisha aikate katika malipo ya kikundi. Mwenye nia ya kweli hukubali. Akikataa, kikundi na wakala watakuwa wamelijua hilo kabla ya kununua tiketi hata moja.